Ndutu mwezi wa Februari: Mtoto akiuliza baba wa ndama yuko wapi

Mzazi mwenzangu, kama uwezo wako unaruhusu kuwapeleka watoto mbugani mara moja tu kabla hawajakua, basi wapeleke Februari, na wapeleke Ndutu.

Ndutu ni eneo la mpakani. Upande mmoja ni Hifadhi ya Ngorongoro, upande wa pili ni Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na katikati kuna maziwa mawili madogo ya magadi, Ndutu na Masek. Kuanzia mwishoni mwa Januari hadi Machi, nyumbu kwa mamia ya maelfu hukusanyika kwenye nyasi fupi za hapo na kuzaa. Sababu iko ardhini. Udongo wa uwanda ule umetokana na majivu ya volkano za nyanda za juu za Ngorongoro, na nyasi zake zina madini ambayo mama anayenyonyesha anayahitaji.

Ila ujiandae. Mbugani mtoto haoni kuzaliwa tu. Anaona madume wakipigana, anaona majike wakipandwa, anaona watoto wenye baba na wasio na baba, na anauliza palepale, kwa sauti, mbele ya dereva. Makala hii ni ya safari yetu ya siku nne, lakini zaidi ni ya maswali hayo.

Tulikuwa saba ndani ya gari la kukodi kutoka Arusha: mimi na mume wangu, watoto wetu wa miaka tisa na sita, mdogo wangu wa kike na binti yake wa miaka minane, na dereva wetu, mtu wa makamo mwenyeji wa Karatu. Mdogo wangu anamlea binti huyo peke yake. Baba yake aliondoka mtoto akiwa bado anatambaa. Nalitaja mapema kwa sababu ndilo lililofanya maswali ya safari hii yawe mazito.

Tarangire: Mume na mke wa kilo tano

Siku ya kwanza tuliingia Tarangire. Watoto walitaka tembo, lakini mnyama wa kwanza alikuwa digidigi, yule swala mdogo wa kilo tano hivi, mwenye macho makubwa na pua ndefu inayochezacheza. Dereva alisimamisha gari na kusema, "Hesabuni. Mkiona mmoja, mwingine yupo."

Tulitafuta kichakani, na kweli wa pili alikuwepo.

Digidigi huishi wawili wawili, dume mmoja na jike mmoja, katika eneo lao dogo ambalo huwa wanaliwekea mipaka kwa kinyesi na kwa utomvu mweusi unaotoka karibu na jicho. Watafiti waliopima vinasaba vya digidigi huko Etosha, Namibia, miaka ya 1990, hawakukuta mtoto hata mmoja aliyezaliwa na dume wa nje. Kwa wanyama wanaonyonyesha hilo ni jambo la nadra. Ukichukua aina zote za mamalia duniani, zinazoishi dume mmoja na jike mmoja ni chini ya moja kati ya kila kumi.

Mume wangu alifurahi. "Mnaona? Ndoa hiyo."

Dereva akacheka. "Ndoa ipo, mzee, lakini huyu bwana halei. Hamletei mama chakula, na mtoto hambebi. Kazi yake kubwa ni kumfuata mkewe nyuma siku nzima asije akachukuliwa na mwingine. Hata jike akiacha kinyesi, yeye hukifunika kwa chake ili harufu ya mkewe isifike kwa jirani."

Basi hilo likawa somo letu la kwanza: kukaa wawili ni jambo moja, na kulea ni jambo lingine.

Tembo tuliwapata mchana, wakishuka mtoni. Watoto walishangaa kwamba kundi lote lilikuwa la akina mama na watoto wao. Tembo jike hubeba mimba kwa miezi 22. Mtoto akizaliwa, anakuwa na mama, shangazi za kundi, dada wakubwa, na juu yao bibi, ambaye ndiye anayeamua familia ielekee wapi. Vijana wa kiume huondoka wakifikisha miaka kama 12 hadi 15. Tembo dume mkubwa, akifika kipindi chake cha kutafuta majike, hutokwa na majimaji pembeni mwa kichwa na kutembea mwendo mrefu kutoka kundi hadi kundi. Akishapanda huendelea na safari.

Je, hao watoto wanapungukiwa? Tarangire yenyewe ina jibu. Mwaka 1993 ukame ulipiga hifadhi hiyo. Kati ya ndama 81 waliokuwa wakifuatiliwa na watafiti, 16 walikufa ndani ya miezi tisa. Lakini familia zilizotoka nje ya hifadhi kutafuta maji na malisho zilipoteza ndama wachache. Zilikuwa zikiongozwa na bibi wenye umri mkubwa, na watafiti wanadhani bibi hao waliukumbuka ukame wa 1958 hadi 1961, walipokuwa wenyewe watoto. Kumbukumbu ya bibi iliokoa wajukuu.

Ngorongoro: Simba na wale wa vijiweni

Kutoka Tarangire tulirudi njia panda ya Makuyuni, tukapita Mto wa Mbu na Karatu, tukapanda hadi ukingo wa kreta. Kule juu ni zaidi ya mita 2,200 na asubuhi ni baridi kweli, kwa hiyo chukua sweta za watoto hata kama Arusha kuna jua. Chini, kama mita 600 hivi, kuna uwanda wa kilomita za mraba kama 260, na humo tukakutana na jambo ambalo kila mzazi huliogopa.

Simba dume na jike walikuwa wamelala karibu na njia. Wakaamka, dume akampanda jike, ikaisha kwa sekunde chache na mngurumo mmoja, wakalala tena. Baada ya dakika kama ishirini, wakarudia. Kwenye gari la jirani mama mmoja alimziba mwanawe macho kwa kitenge. Wetu wa miaka sita akauliza, "Wanapigana?"

Nilimtazama mume wangu, naye akatazama dirishani. Dereva ndiye aliyejibu, bila kugeuka: "Hapana, baba. Wanatafuta mtoto. Watafanya hivyo siku tatu, nne, halafu baada ya miezi mitatu na nusu, Mungu akipenda, mama atazaa."

"Ooh," akasema mtoto, akaomba biskuti.

Mzazi, ndilo jibu lote. Mtoto wa miaka sita aliuliza kitu kidogo, akapewa ukweli unaolingana na swali lake, akaridhika.

Simba lakini ana somo kubwa zaidi kwa sisi wakubwa. Vijiweni utasikia, "Mwanaume ni simba, simba ana wake wengi." Wanaosema hivyo wamemwona simba kwenye kanga na kwenye kopo la bia. Familia ya simba ni ya majike: mama, dada zake na mabinti zao, walioishi eneo moja kizazi hadi kizazi. Huzaa karibu wakati mmoja, huweka watoto pamoja, na mtoto huweza kunyonya hata kwa mama mdogo. Madume ndio wageni. Huja wawili au watatu, mara nyingi ndugu, na kwa kawaida hudumu miaka miwili au mitatu kabla ya kufukuzwa na wenye nguvu zaidi.

Na wageni wapya wakiingia, huua watoto wachanga wa waliotangulia. Sababu ni kwamba mama anayelea hukaa karibu miaka miwili bila kushika mimba tena, na dume mpya hana muda huo. Mama aliyefiwa hurudi kwenye joto mapema. Mambo haya si hadithi. Simba wa Serengeti wamefuatiliwa na watafiti tangu 1966, familia kwa familia.

Kwa hiyo kazi ya baba simba ni moja, nayo ni nzito: kukaa na kuwazuia madume wengine. Akiondoka mapema, wanawe wanakufa. Anayetaka kujiita simba kijiweni saa tatu usiku, huku watoto wake hawajui alipo, amechagua mnyama asiye wake.

Kabla ya kupanda tena ukingoni tuliwaona fisi kwenye shimo lao. Binti yangu alisema shuleni wameambiwa fisi ni huntha, leo dume kesho jike. Imani hiyo ni ya kale sana, na hata Aristotle wa Ugiriki aliikanusha zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Ukweli ni kwamba fisi jike ana maumbile ya nje yanayofanana sana na ya dume, na huzaa kwa kupitia humohumo, jambo ambalo kwa uzazi wa kwanza ni la hatari. Majike ni wakubwa kuliko madume na ndio wenye amri. Mtoto hurithi cheo cha mama yake. Vijana wa kiume huhamia koo nyingine, na huko huanzia chini kabisa. Mama fisi hunyonyesha peke yake, mara nyingi kwa zaidi ya mwaka, na maziwa yake ni mazito ajabu.

Mdogo wangu alikuwa kimya tangu asubuhi. Hapo akasema, "Kumbe fisi tunamsema bure."

Ndutu: Swali lenyewe

Siku ya tatu tuliteremka upande wa magharibi kuelekea Ndutu. Nyasi zilikuwa za kijani, fupi kama zulia, na nyumbu walitapakaa hadi jicho linapoishia.

Karibu saa nne asubuhi tulimwona jike amelala na miguu midogo miwili ikitokeza. Dereva alizima injini tukiwa mbali. Baada ya muda ndama akadondoka, mama akageuka na kuanza kumlamba. Ndama akajaribu kusimama, akaanguka. Akajaribu tena. Mume wangu aliweka saa: dakika saba. Kufikia wakati watoto wanamaliza kubishana nani ameona kwanza, ndama alikuwa akikimbia ubavuni mwa mama yake kwa miguu inayopishana.

Takriban asilimia 80 ya ndama wa mwaka mzima huzaliwa ndani ya wiki mbili hadi tatu. Hiyo ndiyo silaha yao. Fisi na simba hula, hushiba, lakini hawawezi kuwamaliza wote. Anayechelewa kuzaliwa wenzake wakiwa wameshapata nguvu ndiye mwenye hatari kubwa.

Ndipo binti wa mdogo wangu akauliza: "Baba yake yuko wapi?"

Garini pakawa kimya. Mdogo wangu alijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Dereva akageuka safari hii. "Binti, nikueleze ukweli. Hao walipandana mwezi wa tano na wa sita, wakiwa safarini kuelekea magharibi na kaskazini. Dume anashika kiwanja chake siku chache, anapiga kelele, anapigana, majike wanapita. Kundi likisonga, kiwanja kimekwisha. Mama amebeba mimba miezi minane na kitu. Baba anaweza kuwa hapa hapa kati ya hawa wote, lakini hamjui mtoto, na mtoto hamjui."

"Hamtafuti?"

"Hamtafuti. Nyumbu hawafanyi hivyo."

Kisha akamwonyesha pundamilia waliokuwa wamechanganyika na nyumbu haohao, wakila nyasi hizohizo. "Lakini mtazame yule mkubwa anayetembea nyuma. Huyo ni baba. Ana majike wake wachache na watoto wao, na familia hiyo hudumu miaka. Fisi wakija, majike na watoto wanatangulia, yeye anabaki nyuma kupiga mateke na kung'ata."

Jioni yake, karibu na ziwa, tulipata jibu la tatu. Bweha wa rangi ya dhahabu, wale wa kwenye nyasi fupi, huzaa msimu huuhuu. Tuliona mmoja akirudi mbio shimoni, vitoto vikamzingira na kumlamba mdomo, naye akavitapikia nyama. Wa pili akaja akafanya vilevile. Ni baba na mama, na bweha hao hukaa pamoja mwaka hadi mwaka. Wakati mwingine kuna wa tatu, kaka au dada wa uzazi uliopita ambaye hajaondoka nyumbani. Mtafiti Patricia Moehlman, aliyewafuatilia bweha wa Serengeti miaka ya 1970, alionyesha kwamba nyumba yenye wasaidizi wa namna hiyo huokoa watoto wengi zaidi.

Kwa nini basi nyumbu hivi na bweha vile, kwenye uwanda mmoja? Ukitazama watoto, unaanza kuelewa. Ndama wa nyumbu anakimbia baada ya dakika chache, na anachohitaji ni maziwa, ambayo baba hana. Mtoto wa bweha huzaliwa kipofu, ndani ya shimo, na lazima kila siku mtu amletee nyama huku mwingine akilinda mlango. Mama peke yake angefanya lipi kati ya hayo mawili? Sababu ziko nyingi, za malisho na za maadui, lakini hii hata mtoto anaielewa: kadiri mtoto anavyozaliwa dhaifu, ndivyo inavyohitajika mikono mingi.

Usiku, ndani ya hema, nilisikia mtoto akimuuliza mama yake, "Kwa hiyo sisi ni nyumbu?"

Mdogo wangu alikaa kidogo. Kisha nikamsikia: "Hapana. Ndama wa nyumbu akimpoteza mama yake hakuna mama mwingine atakayemnyonyesha, wanamfukuza. Wewe nikichelewa kazini unakula wapi?"

"Kwa mama mkubwa."

"Na nani anakupeleka shule?"

"Babu."

"Haya, lala."

Baba yake hakutajwa, na hakutukanwa. Wala mtoto hakudanganywa kwamba yuko safarini. Nadhani ndilo jibu bora nililolisikia siku zote nne.

Mambo machache ya kubeba

Mzazi, mtoto wa binadamu ndiye anayechelewa kuliko hao wote. Anatembea baada ya mwaka mmoja, na kujitegemea ni miaka mingi baadaye. Kwa hesabu ya mbugani, huyo si wa mtu mmoja kumlea. Baba akiwepo na akalea, hiyo ni mikono miwili ambayo thamani yake ni kubwa. Asipokuwepo, kazi haipungui, inabidi mikono mingine ijitokeze: bibi, mjomba, shangazi, mama mkubwa, kaka mkubwa. Ukimjua mama anayelea peke yake, usimpe pole tu. Mchukulie mtoto Jumamosi.

Usitafute sheria ya nyumba yako kwa wanyama. Atakayetaka mke mmoja atamtaja digidigi, atakayetaka wengi atamtaja simba, na atakayetaka kukimbia atamtaja nyumbu. Kila mnyama anafanya linalookoa wanawe pale anapoishi. Sisi tumepewa akili ya kuahidi na kutimiza.

Mtoto akiuliza, mjibu alichouliza, kwa maneno ya kweli na machache. Wa miaka sita anatosheka na "wanatafuta mtoto". Wa miaka tisa atataka kujua mimba inakaa muda gani. Anayekaribia kubalehe atahitaji zaidi, na ni afadhali ayasikie kwako kuliko kwenye simu ya rafiki. Mtoto aliyezoea kutaja viungo vya mwili kwa majina yake bila kuogopa kupigwa ndiye pia atakayeweza kukueleza mtu mzima akimgusa vibaya.

Na kama utakwenda: mvua za kipindi hiki huweza kugeuza njia za Ndutu kuwa tope, kwa hiyo kodi gari la kuvuta magurudumu yote manne na dereva anayeijua njia. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio kidogo kuliko wageni, na wenye umri chini ya miaka mitano hawalipi hifadhi za taifa. Bebeni darubini hata moja, mpokezane. Ondokeni alfajiri, maana nyumbu wengi huzaa asubuhi. Na mtakapomwona mmoja amelala na miguu midogo ikitokeza, mwombeni dereva azime injini akiwa mbali, mkae kimya hadi ndama asimame na kumfuata mama yake. Magari yakimsonga mama akakimbia, ndama anaweza kubaki peke yake, na mnajua sasa kwamba hakuna mwingine wa kumchukua.